Tamthilia ya Mok Kwai-lan: kwa nini ngumi za Wong Fei-hung zilibaki kwa mke wa nne na si kwa wanawe?

#1 Bint Shangani

Wakuu, habari za jioni.

Nimemaliza kuangalia Grace Under Fire, tamthilia ya TVB, kituo cha televisheni cha Hong Kong, iliyotoka mwaka 2011, Kikantoni mwanzo mwisho. Mhusika mkuu ni Mok Kwai-lan, mwanamke aliyeishi kweli: mke wa nne wa Wong Fei-hung, bingwa wa ngumi za Hung Gar na mganga wa mifupa wa Guangzhou. Anaigizwa na Liu Xuan, yule mwanajimnastiki wa China aliyechukua dhahabu ya boriti kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Bosco Wong naye yumo, kwa wanaomjua.

Filamu za Wong Fei-hung tulizokua nazo, mzee kasimama katikati ya ua, wanafunzi wamemzunguka, na mwanamke yupo ili atekwe au alie. Hii imenishika kwa sababu mbele yupo mwanamke anayetaka naye kuingia uani na kurusha ngumi. Halafu TVB wana mkono wao kwenye mambo ya nyumbani: meza ya chakula, nani kamkaribisha nani kwanza, nani kanuna, nani kaondoka kabla ya bakuli kuisha. Mimi ugomvi wa mezani unanipandisha presha kuliko wa uwanjani.

Swali langu sasa. Baba yake Wong Fei-hung, mzee Wong Kei-ying, alihesabiwa kati ya Simbamarara Kumi wa Guangdong, yaani mabingwa kumi wa ngumi wa huko, na alimrithisha mwanawe ngumi na dawa. Wong Fei-hung mwenyewe alizaa watoto wa kiume wanne. Ungetegemea mnyororo uendelee baba kwa mwana. Lakini ukifuatilia historia, aliyekwenda kufundisha Wan Chai, Hong Kong, kwa jina la marehemu mpaka uzeeni, akafariki mwaka 1982, ni Mok Kwai-lan. Imekuwaje? Wanaojua, mwageni.

#2 Chuma cha Pua

Mkuu, kwani huyo Wong Fei-hung aliishi kweli? Mimi siku zote najua ni mtu wa filamu, kama wale wa kuruka juu ya mianzi.

#3 Babu Kibaha

Chuma cha Pua, aliishi, kijana wangu. Kwao ni Nanhai, upande wa Foshan. Mwaka wa kuzaliwa ndio unaobishaniwa, wengine 1847, wengine 1856. Alifariki mwaka 1925. Aliwahi kuwa mwalimu wa ngumi na mganga katika jeshi la Bendera Nyeusi la jenerali Liu Yongfu, akaenda naye hadi Taiwan mwaka 1895 Wajapani walipokuwa wanakichukua kisiwa.

Filamu zilianza mwaka 1949, Kwan Tak-hing akiwa Wong Fei-hung, na akaicheza nafasi hiyo zaidi ya mara 70. Adui yake wa kudumu alikuwa Shih Kien. Tuliopanga foleni pale Avalon miaka ya 70 tunamjua kwa sura: ndiye Han wa Enter the Dragon, yule mwenye mkono wa kubadilisha makucha.

#4 Nyota ya Kigamboni

Shikamoo Babu. Ngoja niweke jibu la kwanza la dada Bint.

Mtoto wake wa pili, Wong Hon-sam, ndiye aliyekuwa na kipaji cha baba. Huyo aliuawa. Simulizi ya ukoo inasema walimlewesha, kisha hasimu wake akampiga risasi, na sababu ni wivu wa ngumi tu. Baada ya msiba huo mzee akaapa kwamba hatawafundisha tena wanawe. Hoja yake ilikuwa rahisi kuelewa: ngumi zilimpa mtoto jina, jina likamletea mwuaji. Waliobaki akawanyima ili waishi.

Kwa hiyo swali lako lina jibu. Mrithi alikufa, wengine wakafungiwa mlango. Aliyekuwa ndani tayari ni mke.

#5 Mbahili wa Kariakoo

Naunga mkono #4, ila nina nyongeza. Tamthilia za Wachina zote zina huyu baba anayekataa kufundisha. Sehemu ya kwanza anakataa, ya kumi anakataa, ya ishirini anafundisha usiku kwa siri. Mimi nilishazoea, nikiona mzee anafunga ghala la silaha najua mtoto ana ufunguo.

#6 Dalali wa Xiaobei

Salaam kutoka Guangzhou. Nipo huku kwa shughuli za makontena, na vigae na fanicha tunavifuata Foshan, kwa hiyo hii mada ni ya jirani kabisa.

Mimi naona sababu kubwa ni moto. Po Chi Lam, zahanati ya Wong Fei-hung, iliungua, ikaisha. Zahanati ndiyo iliyokuwa mali ya familia: makabati ya dawa, karatasi za mchanganyiko wa dawa, wateja, ua wa mazoezi. Jengo lingebaki, watoto wangebaki ndani yake, hata asiyepiga ngumi angeuza dawa kwa jina la baba. Likiisha, mnyororo unakosa pa kufungwa. Nadhani ilikuwa kwenye yale mapinduzi ya 1911.

#7 Babu Kibaha

Dalali, si 1911. Ni Oktoba 1924, yalipotokea mapigano kati ya serikali ya Sun Yat-sen na wanamgambo wa wafanyabiashara wa Guangzhou. Mtaa wa Sai Kwan uliteketea, na Po Chi Lam ilikuwa huko huko. Mzee hakuumaliza mwaka uliofuata.

#8 Dalali wa Xiaobei

Asante Babu. Sai Kwan ndiyo Liwan ya leo, napita huko kila wiki.

#9 Mwana wa Makupa

Wadau, Mombasa inawasalimu. Mimi nimefunzwa Hung Gar na nina neno kuhusu huyo dada wa boriti.

Bint Shangani, umemsifu sana Liu Xuan na sikulaumu, mwili wake una nidhamu. Lakini Hung Gar ni mtindo wa kukaa chini. Unafungua miguu, unakalisha nyonga, magoti yanatazama nje, mwalimu anapita nyuma yako na kukukandamiza mabega, na bado hujaruhusiwa kurusha ngumi hata moja. Wengine wetu tulikaa hivyo hadi jasho likaandika ramani sakafuni. Mwanajimnastiki amelelewa kinyume chake: uzito juu, kidole cha mguu kimenyooka, boriti yenyewe upana wake sentimita 10. Nikimtazama naona mtu anayetaka kupaa. Mwili wa Hung Gar unataka kuota mizizi.

#10 Bint Shangani

Mwana wa Makupa, nimekusoma, lakini kumbuka Mok Kwai-lan hakuanzia Hung Gar. Alikuja na ngumi za kwao, Mok Gar, na hao sifa yao ni mateke. Mwigizaji mwenye miguu ile kwenye nafasi ya binti wa ukoo wa mateke, mimi naona wamepatia. Nyonga ikae baadaye, akishaolewa.

#11 Mwana wa Makupa

Hapo umenibana. Mok Gar ni mateke kweli. Natulia kwa leo.

#12 Chuma cha Pua

Kumbe na yeye alikuwa na ngumi za kwao! Basi wameoana wapiganaji wawili. Hiyo nyumba wakigombana majirani wanahama.

#13 Nyota ya Kigamboni

Chuma, hata walivyokutana ni kwa ugomvi. Simulizi inayorudiwa na wengi: Wong Fei-hung alikuwa anaonyesha ngumi mbele ya umati, akapiga teke, kiatu kikamchomoka na kumpata binti usoni. Binti akapanda, akamzaba kofi bingwa mbele ya watu wote, akamwambia mwalimu mkubwa kama yeye hapaswi kuwa mzembe, je kama ingekuwa silaha? Mzee akaomba radhi. Baadaye akaposa.

#14 Ua la Mlimani

Nyota, hilo kofi hata mimi nililipenda. Lakini kuna jambo linapitwa haraka na tamthilia nyingi. Mok Kwai-lan kazaliwa mnamo 1892. Chukua mwaka wowote wa kuzaliwa wa mume kati ya ile miwili ya Babu, pengo halipungui miaka 36. Na hakuolewa kama mke kamili. Wake watatu wa kwanza walikuwa wamefariki mmoja baada ya mwingine, na mzee akaamini ana nuksi ya kuua wake, ndiyo maana huyu wa nne akaingia kwa hadhi ya suria.

Kwa hiyo picha tuliyonayo ni msichana mdogo, hana cheo rasmi cha mke, analea watoto wa marehemu wenzake, baadhi yao karibu rika lake. Mimi swali la Bint Shangani naligeuza. Aliwezaje, kutoka kwenye nafasi ile ya chini, kuja kusimama na kusema mimi ndiye ninayefundisha ngumi za Wong Fei-hung? Ndani ya familia ile lazima kulikuwa na watu waliomkunjia uso.

#15 Mbahili wa Kariakoo

Ua la Mlimani, lakini watoto si wake? Mama ana haki ya kusimamia nyumba ya wanawe.

#16 Ua la Mlimani

Si wake. Hon-lam, Hon-sam, Hon-syu na Hon-hei wote ni wa wake waliomtangulia. Yeye alikuwa mama wa kambo, tena mwenye umri mdogo.

#17 Mkarafuu

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Wete na nilikuwa nasoma tu kimya kimya, ila hapa pa mama wa kambo pamenigusa.

Kwetu kulikuwa na uganga wa mifupa. Babu mzaa baba alikuwa mashuhuri, mtu akidondoka kwenye mkarafuu analetwa kwetu kwa machela. Wanawe watatu walimwona baba yao akifanya kazi hiyo tangu wadogo, na hakuna aliyeichukua. Wawili walikwenda Maskati kutafuta maisha, mmoja akaingia baharini. Aliyeichukua ni mkewe yule baharia, mama yetu mdogo. Hakuna aliyemwita akamwambia kaa nikufundishe. Yeye ndiye aliyekuwa anachemsha maji, anachonga mabanzi, anamshika mgonjwa mabega wakati babu anavuta mguu. Babu alipoanza kutetemeka mikono, alikuwa anamwambia tu "bonyeza hapo, juu kidogo", naye anabonyeza. Siku moja akaja mgonjwa, babu kalala na homa, mama mdogo akavuta mguu mwenyewe. Kuanzia siku hiyo watu wakawa wanamwulizia yeye.

Nimeyasema haya kwa sababu naona mnatafuta mzee aliamua nini. Kazi kama hii haingoji uamuzi. Po Chi Lam ilikuwa zahanati ya mifupa kabla ya kuwa chuo cha ngumi, na kwenye zahanati mtu wa kushika taa na kukanda dawa ni mke. Yuko pale kutwa, anaona kila mgonjwa.

#18 Bint Shangani

Mkarafuu, wa alaykum salaam. Nashukuru sana kwa hili. Huyo mama mdogo bado yupo?

#19 Mkarafuu

Yupo, Alhamdulillah, ila macho yamepungua. Anafanya kwa vidole.

#20 Fundi Mlandege

Nakubaliana na Mkarafuu nusu. Kushika taa kunakufundisha dawa. Ngumi hazifundishwi kwa kushika taa, mtu lazima akusahihishe mkono. Na hapa ndipo ninapompa sifa mzee mwenyewe: Wong Fei-hung alifundisha wanawake kwa makusudi, wakati waalimu wengi wa Guangzhou walikuwa hawataki hata kusikia. Alianzisha hadi kikundi cha wanawake cha kucheza simba. Mok Kwai-lan alikuwemo, na mwingine anaitwa Tang Sau-king, huyu hakuwa mke, alikuwa mwanafunzi tu.

Mcheza simba anajua ninachosema. Kile kichwa ni mianzi na karatasi lakini kukibeba juu huku unakaa chini kwenye nyonga, ukitikisa masikio na kope kwa kamba, mikono inawaka moto. Aliyebeba kichwa cha simba ameshafundishwa ngumi nusu.

Kwa hiyo hakuna bahati hapo. Alichagua warithi wanawake akiwa hai.

#21 Nyota ya Kigamboni

Fundi, angechagua warithi wanawake asingewanyima wanawe kwa sababu ya msiba. Mambo mawili tofauti. Msiba ndio uliomgeuza.

#22 Fundi Mlandege

Wanawake hawakuwa wanatafutwa na majambazi wa mitaani kwa ubingwa, Nyota. Ukiwafundisha wao, ujuzi unabaki na hakuna anayekuja kuwalewesha na kuwapiga risasi. Kwa hiyo hoja yako na yangu zinaweza kukaa nyumba moja.

#23 Babu Kibaha

Huyo Tang Sau-king aliyetajwa na Fundi asipitwe. Mzee alipofariki, baada ya moto, familia haikuwa na kitu. Bingwa aliyetibu majenerali hakuwa na pesa ya jeneza. Anayetajwa kuwa aligharimia mazishi ni huyo Tang Sau-king. Na yeye pamoja na Lam Sai-wing ndio waliomsaidia mjane kuhamia Hong Kong na watoto wa mzee. Kwa hiyo waliobeba nyumba ile ilipoanguka ni mwanafunzi mwanamke na mwanafunzi muuza nyama ya nguruwe.

#24 Mfuasi wa Ip Man

Nakuja mbio. Tunazungumzia mwalimu wa Bruce Lee, sivyo? Naye alihamia Hong Kong kutoka Foshan akiwa masikini.

#25 Mwana wa Makupa

Hapana ndugu, umeingia nyumba ya jirani. Mwalimu wa Bruce Lee ni Ip Man, mtindo wake Wing Chun, kazaliwa Foshan mwaka 1893, kafariki Hong Kong mwaka 1972. Huyu ni Wong Fei-hung wa Hung Gar. Wametoka mkoa mmoja, basi.

#26 Mfuasi wa Ip Man

Sawa mkuu. Nabaki nisome, mada tamu.

#27 Dalali wa Xiaobei

Hao wawili huku wamewekwa pamoja, kwa hiyo anayechanganya asichekwe. Foshan kuna hekalu kubwa la zamani, Zumiao, unashuka treni ya chini ya ardhi kituo chenye jina hilo hilo. Ndani ya eneo lile kuna jumba la kumbukumbu la Wong Fei-hung, na la Ip Man lipo hapo hapo. Mimi nilikuwa namsubiri mwenye kiwanda cha sofa, nikaona niingie.

Nilikuta vijana wanacheza simba uani, wanaruka juu ya nguzo za chuma. Aliyekuwa kwenye kichwa alivua kofia ya simba mwisho wa onyesho akafuta jasho, kumbe binti, nywele zimebanwa nyuma, anahema, mkia kashika kaka mmoja mnene anayecheka. Watalii wote macho yao yalikuwa kwa yule kaka, mimi nikampigia makofi binti. Wakati ule sikuwa najua lolote kuhusu kikundi cha wanawake alichokitaja Fundi.

#28 Chuma cha Pua

Dalali, na sofa ulipata?

#29 Dalali wa Xiaobei

Nilipata, ziko njiani. Karibu dukani.

#30 Mwalimu Mstaafu Moshi

Naomba niwe mkaidi kidogo. Mnabishana kana kwamba Mok Kwai-lan ndiye mrithi. Kwa kweli Hung Gar inayofundishwa duniani leo imetoka kwa Lam Sai-wing, huyo muuza nyama wa Babu. Yeye alifungua chuo Hong Kong, na kikubwa zaidi alitoa vitabu vya mitindo mitatu mikuu, picha kwa picha: kumtuliza simbamarara, simbamarara na korongo, na waya wa chuma. Alifariki mwaka 1943, vitabu vikabaki.

Kwa hiyo swali la kwa nini si wanawe lina jibu kavu zaidi: kwa sababu mwanafunzi alichapisha. Mjane alikuwa na kumbukumbu mwilini, mwanafunzi alikuwa na kitabu. Tamthilia inampendelea mjane kwa sababu mjane ni hadithi nzuri. Mchapishaji vitabu hana hadithi nzuri.

#31 Ua la Mlimani

Mwalimu, shikamoo. Naheshimu vitabu, lakini kitabu hakimsahihishi mtu nyonga, hilo Mwana wa Makupa kalisema tangu #9. Na kuna picha za filamu za miaka ya 1970 zinazomwonyesha Mok Kwai-lan mwenyewe akicheza mtindo, bibi wa miaka ya themanini huko. Zitafute. Bibi wa watu, nywele kazivuta nyuma, anaanza kama anayenyoosha mgongo asubuhi. Halafu mkono unatoka na unakaza mwishoni, kabisa, hauharakishi, na miguu imekaa chini kama ya mtu wa miaka thelathini. Ukiona ule mkono hutasema ni hadithi nzuri tu.

#32 Mwana wa Makupa

Nimeziona. Mkono ule ni wa kweli. Mimi kilichonishtua ni pumzi, haijitokezi kifuani hata mara moja.

#33 Mwalimu Mstaafu Moshi

Marahaba Ua la Mlimani. Sijasema hakujua. Nasema dunia haikujifunza kwake.

#34 Fundi Mlandege

Mwalimu, na hata huo waya wa chuma usiuhesabie ukoo wa Wong. Ule umetoka kwa Tit Kiu Sam, bingwa mwingine wa Guangdong, ukapita kwa mwanafunzi wake Lam Fuk-sing, ndipo Wong Fei-hung akaupata. Tena lile teke lake lisilo na kivuli, simulizi inasema alibadilishana na mwalimu mwingine, akatoa ujuzi wake akapewa teke hilo. Kwa hiyo nyumba hii tangu mwanzo ilikuwa inakusanya kutoka nje. Baba alimpa msingi, mengine kaokota njiani. Mtu aliyejengwa hivyo hawezi kushangaa ngumi zake zikitoka kwa mlango wa wanafunzi na wake. Sisi ndio tunaolazimisha damu.

#35 Bint Shangani

Fundi, hii ni mpya kwangu na nimeipenda. Inaeleza pia kwa nini Mok Gar iliweza kuingia nyumba ile bila kufukuzwa.

Ila bado sijaridhika na vitabu vya Mwalimu. Vitabu vinaeleza kwa nini mtindo uliishi. Mimi nauliza kuhusu jina la nyumba. Kwa nini aliyesimama Wan Chai na kutundika jina la Wong Fei-hung mlangoni ni yeye, wakati watoto wa kiume walikuwa hai na wengine walikuwa Hong Kong hiyo hiyo?

#36 Mbahili wa Kariakoo

Mimi naona ni pesa na sinema. Mwaka 1949 filamu zinaanza, Hong Kong nzima inamjua Wong Fei-hung. Ghafla kuna bibi Wan Chai ambaye ni mjane wake halisi. Wazazi wa Hong Kong watampeleka mtoto kwa nani? Jina lilikuwa limekufa, sinema ikalifufua, na mwenye hati ya ndoa akawa ndiye mwenye mlango. Bila Kwan Tak-hing angekuwa bibi mwingine tu wa kuuza dawa za viungo.

#37 Ua la Mlimani

Hati ya ndoa ipi, Mbahili? Alikuwa suria. Na alikuwa anajua ngumi tangu kwao, kabla sinema haijabuniwa kumhusu mtu yeyote wa Guangzhou.

#38 Mbahili wa Kariakoo

Anajua, sikatai. Nazungumzia wateja.

#39 Dada wa Kisumu

Sasa? Swali la pembeni: hii inapatikana wapi ikiwa na Kiswahili? Ile tamthilia ya Kichina ya mkwe na mama wakwe, TBC waliirusha kwa Kiswahili mwaka huo huo 2011, na ilinoga kwa sababu ugomvi wa mkwe unaeleweka popote. Hii ya Mok naona ingeshika zaidi: kuna mkwe, kuna mama wa kambo, na kuna mateke.

#40 Nyota ya Kigamboni

Dada, nyingi zinazotafsiriwa kwetu ni za China Bara, za Kimandarini. Za TVB wengi tunaziangalia na maandishi ya Kiingereza chini. Madijei wa kutafsiri nao wanapenda filamu za saa mbili, tamthilia ndefu wanazikimbia, na kwenye Kikantoni wanakisia. Mimi nilisikia mmoja akimwita Wong Fei-hung "Mzee Jumanne" filamu nzima.

#41 Chuma cha Pua

Mzee Jumanne namjua! Ndiye huyo?! Miaka yote!

#42 Mkarafuu

Nirudi kwa dada Bint, #35. Mimi naona watoto wa mtu maarufu wanachoka. Baba zangu wadogo wale wa Maskati, ukiwataja uganga wa babu walikuwa wanabadilisha mada. Utotoni mwao hawakulala usiku hata mmoja bila mlango kugongwa. Mama mdogo aliingia nyumba ile akiwa mtu mzima, akauona uganga kama jambo la ajabu na la heshima. Wao waliuona kama usumbufu. Sasa weka juu yake kaka aliyeuawa kwa sababu ya ngumi. Mimi ningekuwa Hon-hei, ningemwachia mama wa kambo ule mlango kwa moyo mweupe.

#43 Mwalimu Mstaafu Moshi

Mkarafuu, kama watoto huchoka, eleza ukoo wa Lau. Lau Cham alikuwa mwanafunzi wa Lam Sai-wing, akawemo kwenye zile filamu za Kwan Tak-hing. Mwanawe Lau Kar-leung akakulia humo humo, akawa mwongozaji mkubwa wa Shaw Brothers, kampuni ya filamu ya Hong Kong, na alifanya Hung Gar mpaka alipofariki mwaka 2013. Baba bingwa, mtoto bingwa, hakuna aliyechoka.

#44 Fundi Mlandege

Lakini Lam Sai-wing mwenyewe, Mwalimu, aliyemrithi ni Lam Cho, mtoto wa ndugu yake aliyemlea, aliyeishi mpaka 2012. Umeleta nyumba moja ya baba na mwana, nyingine ya mtu na mtoto wa ndugu, na hii yetu ya mume na mke. Hung Gar hiyo hiyo.

#45 Mwana wa Makupa

Na Lam Cho naye alikuwa mganga wa mifupa, Mkarafuu atafurahi.

#46 Bint Shangani

Basi kesho naanza upya kutoka sehemu ya kwanza, safari hii natazama kila anayeshika dawa. Mwalimu, vile vitabu vya Lam Sai-wing vinapatikana kwa lugha gani?